Kipande, keja na jina la K.

Jumapili, saa nne usiku. Stima ipo, maji hakuna.

Mlioniuliza kama nitaendelea na ile hadithi ya mesi na chapati zinazozidi kuwa nyembamba kila muhula, subirini kidogo. Leo nina jambo zito kiasi, na nimelibeba wiki mbili sasa. Linahusu binamu yangu, linahusu kitambulisho, na linahusu swali lililotukosanisha hapa chumbani mpaka saa nane za usiku: mtu akinyimwa nyumba au kazi Nairobi kwa sababu sura yake haifanani na lile neno la jinsia kwenye kipande chake, kuna sheria ya kumkinga ama hakuna?

Binamu yangu nitamwita K. tu, na amenipa ruhusa kuandika. Ni mtoto wa shangazi yangu mkubwa. Alipozaliwa aliandikwa msichana. Tangu tukiwa wadogo, yeye na mimi tukichunga mbuzi wa nyanya, kila mtu aliona kwamba K. ni mvulana kwa mwendo, kwa maneno na kwa jinsi alivyojiona. Sasa ana miaka 24, anaishi kama mwanamume, na ana diploma ya ufundi umeme. Kijijini alikuwa anaunganishia watu stima na kutengeneza redio na pasi, na hakuna aliyemuuliza kitu. Si kwamba wote walimkubali. Kuna mzee mmoja wa kanisa ambaye mpaka leo hamsalimu. Lakini taa za watu zikizima walimpigia simu, hata yule mzee alimtuma mtoto wake aende kumwita.

Nyanya humwita "mjukuu wangu", basi. Na ukifikiria, Kiswahili chenyewe hakina haraka ya kuuliza. Amekuja, amekula, amelala: huwezi kujua kama ni mke au mume. Tunaweza kumzungumzia mtu saa nzima na swali hilo lisitokee. Linatokea kwenye fomu.

Shida za K. zilianza aliposhuka Nairobi mwezi wa kwanza. Hapa hakuna anayejua wewe ni wa nani. Kinachokujulisha ni kipande. Hebu hesabuni ni mara ngapi kwa wiki mnatoa kitambulisho. Kuingia jengo lolote la town, soja anakiandika kwenye kitabu na mara nyingine anakibakisha mpaka utoke. Kutoa pesa kwa ajenti wa M-Pesa, kipande. Kusajili laini ya simu, kipande. Kuja kunitembelea hapa hosteli, kipande kinabaki langoni. Kwa wengi wetu ni usumbufu tu. Kwa K., kila mara ni mjadala. Soja anaangalia kadi, anamwangalia K., anarudi kwa kadi. "Hii ni ya dadako?" Ajenti mmoja alikataa kumpa pesa zake mwenyewe, akamwambia kama ni simu ya wizi arudishe. Watu kwenye foleni wakaanza kusogea karibu. Mnajua Nairobi mtu akishaitwa mwizi mbele ya umati mambo huenda wapi.

Halafu keja. Tulizunguka Jumamosi mbili, mimi na yeye, kwenye mitaa ya nyuma ya Thika Road, tukitafuta bedsita ya bei ya fundi. Ya kwanza tulielewana na keateka kila kitu, hata akatuonyesha pa kuanika nguo. Akaomba nakala ya kitambulisho. Alikisoma, akacheka, akaenda kumwonyesha mwenzake, wakacheka wote wawili. Nyumba ikawa "imeshachukuliwa asubuhi". Ya pili hatukufika mbali. Ya tatu K. alilipa depositi, na jioni ile ile pesa zikarudishwa kwa simu pamoja na meseji. Meseji hiyo ilisema wazi kwamba mwenye nyumba hataki mtu "asiyejulikana ni mwanamke au mwanamume" kwenye ploti yake, kwa sababu kuna watoto. K. hakuifuta. Kumbukeni hilo, manake nitalirudia.

Kazi nayo. Kuna kampuni ya kuunganisha stima kwenye majumba mapya, sitaitaja. Walimwita kwa mahojiano, wakampa waya na swichi wakamwambia aonyeshe anachojua. Msimamizi alifurahi, akamwambia alete vyeti na kipande Jumatatu. Alivipeleka. Mpaka leo simu haijalia. Hapa siwezi kuapa ni kwa nini. Labda nafasi ilikwisha, labda walipata mtoto wa mtu. Ndiyo ubaya wa mambo haya, mlango ukifungwa kimya huna cha kushika.

Sasa tuje chumbani. Rumeti wangu ni msichana wa Eastleigh, anasoma hesabu, na ni mtu wa dini kwelikweli. Sala zake tano hazimpiti. Nilipomsimulia alinyamaza sana. Kisha akasema: "Mimi dini yangu ina msimamo wake kuhusu mtu kujibadili, na sitakudanganya kwamba nimeuacha. Lakini kumnyima mtu paa? Kumrudishia pesa zake kama ombaomba? Hiyo sikubali." Rafiki yetu wa chumba cha jirani, komredi wa siasa, akaruka: "Acheni hisia. Sheria inasema nini? Kama haijamtaja, hajalindwa. Mwenye nyumba ana haki na nyumba yake." Hapo ndipo kelele zilipoanza.

Mimi sisomi sheria, nasoma jiografia, lakini swali hilo lilinikera. Nikaenda maktaba siku tatu, nikamsumbua na komredi mmoja wa kitivo cha sheria mpaka akanikimbia. Nawaletea nilichookota.

Kwanza, Katiba yetu ya 2010. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, na kina orodha ndefu: mbari, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, afya, kabila, rangi, umri, ulemavu, dini, dhamiri, imani, utamaduni, mavazi, lugha, kuzaliwa. Transjenda hawamo kwa jina. Komredi wetu wa siasa alipoiona orodha alipiga meza, akidhani ameshinda.

Lakini someni vizuri. Orodha inaanza na maneno yenye maana ya "kwa msingi wowote, ikiwemo". Na mwishoni kabisa, mahali ambapo hakuna mtu husoma, Kifungu cha 259 kinaeleza kwamba Katiba hii ikisema "ikiwemo", maana yake si "hivi tu". Yaani orodha haijafungwa. Ni kama mama akikwambia ulete vitu vya kupika, ikiwemo nyanya na vitunguu. Ukirudi bila mafuta utajitetea vipi? Tena, kifungu hicho cha 27 hakiifungi serikali peke yake. Kinasema hata mtu binafsi asimbague mwenzake. Mwenye nyumba ni mtu. Kampuni nayo, kisheria, ni mtu.

Na angalieni neno moja ambalo huwa tunalipita: mavazi. Nchi yetu imeandika kwenye sheria yake kuu kwamba mtu asibaguliwe kwa anavyovaa. Mara ngapi mtu kama K. anaulizwa kwa nini "anavaa hivyo"?

Pili, kuna kesi. Hapa ndipo nilipokaa wima. Inayotuhusu zaidi sisi wanafunzi ni ya Audrey Mbugua. Alifanya KCSE mwaka 2001, akafika chuoni Maseno, lakini cheti chake cha sekondari kilikuwa na jina la kiume na alama ya jinsia ya kiume, na yeye anaishi kama mwanamke. Si mnajua cheti cha KCSE hapa kwetu? Hakuna kazi utaomba bila kukitoa. Aliomba Baraza la Mitihani libadilishe, likakataa, akaenda Mahakama Kuu. Tarehe 7 Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir aliamuru baraza litoe cheti kipya chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Sababu mojawapo ilikuwa nyepesi mpaka inachekesha: kanuni za mtihani zenyewe hazilazimishi alama hiyo iwepo. Baraza lilikata rufaa, na Mahakama ya Rufaa ikaitupa mwaka 2019.

Nilipowasomea hiyo, rumeti wangu alicheka kidogo. "Kwani hesabu huwa inasahihishwa kwa jinsia?"

Mwaka huo huo wa 2014, mwezi wa Julai, Mahakama Kuu ilikuwa imeiamuru Bodi ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ilisajili shirika la Transgender Education and Advocacy, ambalo bodi ilikuwa imelinyima usajili. Mwaka mmoja kabla, 2013, mahakama iliagiza mtu mmoja alipwe shilingi 200,000 baada ya polisi wa Thika kumvua nguo mbele ya wanahabari ili waonyeshe "ni nini". Mahakama ilisema utu wake na faragha yake vilivunjwa. Mimi nilisoma hiyo nikamfikiria K. na yule ajenti, na ile foleni iliyokuwa inasogea.

Mwaka 2023, tarehe 24 Februari, Mahakama ya Juu kwa majaji watatu dhidi ya wawili iliamua kesi ya shirika lingine, la kutetea mashoga na wasagaji, ikasema neno "jinsia" katika Kifungu cha 27 linabeba pia mwelekeo wa mapenzi wa mtu. Si kesi ya transjenda, lakini ilithibitisha ule ubishi wetu wa orodha: kutotajwa si sawa na kutolindwa. Na Agosti 2025, Mahakama Kuu ya Eldoret, chini ya Jaji Reuben Nyakundi, ilimpa mwanamke transjenda fidia ya shilingi milioni moja kwa jinsi alivyotendewa alipokuwa rumande, na ikaitaka serikali itunge sheria ya kuwalinda watu wa aina yake, au iweke ulinzi huo ndani ya mswada wa watu huntha.

Ngoja niweke wazi, kwa sababu chumbani tulichanganya mambo matatu mpaka tukachoka. Huntha ni mtu aliyezaliwa na mwili ambao madaktari hawawezi kusema kwa urahisi ni wa kike au wa kiume. Hao Kenya iliwahesabu katika sensa ya 2019, wakapatikana 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawataja. Transjenda kama K. mwili wake ulipozaliwa haukuwa na swali, ila yeye mwenyewe si yule aliyeandikwa. Na mashoga ni habari ya nani unampenda, si wewe ni nani. Vile vifungu vya Kanuni ya Adhabu ambavyo Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019 vinahusu vitendo vya kimwili. Havisemi fundi umeme mwenye kipande kisichofanana naye asipangishwe bedsita.

Basi komredi wetu wa siasa akabadilisha njia. "Sawa, Katiba inamlinda. Mbona basi hajapata nyumba?"

Wadau, swali hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kwa sababu ana haki ya kuuliza. Hesabuni miaka ya Audrey Mbugua: mtihani 2001, hukumu 2014, rufaa 2019. Huyo ni mtu aliyepata mawakili na ujasiri wa kusimama mbele ya magazeti yote. K. anahitaji nyumba mwisho wa mwezi. Sheria ya Ajira ya 2007 inamkataza mwajiri kubagua, lakini orodha yake nayo haisemi utambulisho wa jinsia, na ukitaka kuinyoosha ikufikie lazima uende ukabishane mbele ya jaji. Hivi ndivyo ilivyo Nairobi leo: ulinzi upo, lakini upo mbali kama maji ya kisima kirefu, na kila mtu lazima aje na kamba yake.

Hapo rumeti wangu akatuletea hadithi ya jiji lingine. Shangazi yake anaishi Minneapolis, Marekani, kama Wasomali wengi waliotoka Eastleigh na kambi za Dadaab. Sasa, Minneapolis ndilo jiji la kwanza Marekani kupitisha sheria ya jiji inayowalinda transjenda dhidi ya ubaguzi. Tarehe ni 30 Desemba 1975! Baba yangu hakuwa amezaliwa. Sheria hiyo haikutumia neno transjenda, halikuwa neno la wakati ule. Ilieleza tu kwamba mtu asibaguliwe kwa kujiona au kujionyesha tofauti na mwili wake wa kike au wa kiume. Jimbo zima la Minnesota lilifuata mwaka 1993, nalo likawa la kwanza kati ya majimbo yote. Na mwaka 2017 wakazi wa jiji hilo walimchagua Andrea Jenkins, mwanamke mweusi transjenda, kuwa diwani. Kuanzia 2022 hadi 2024 ndiye aliyekuwa rais wa baraza la jiji.

Kilichonivutia si kwamba wao ni wazuri kuliko sisi. Rumeti wangu alisema shangazi yake huko ana malalamiko yake, ya hijabu, ya jina, ya rangi. Na jiji hilo hilo ndilo George Floyd alipouawa na polisi mwaka 2020. Kilichonivutia ni jinsi sheria ya jiji inavyofanya kazi. Jiji lina idara yake ya haki za kiraia. Ukinyimwa nyumba, unaenda pale, unaandika malalamiko, wanachunguza. Huanzi kwa kumtafuta wakili. Na sheria ni ile ile inayomlinda shangazi mwenye hijabu na mtu kama K. Dini, rangi na utambulisho wa jinsia, vyote viko ndani ya kanuni moja. Rumeti wangu aliliona hilo kabla yangu. "Kwa hiyo shangazi akienda kulalamika kuhusu hijabu," akasema, "na huyu akienda kulalamika kuhusu kipande, wanapiga foleni moja."

Lakini msifikiri sheria ya jiji ni mwamba. Ng'ambo ya mto Mississippi kuna St. Paul, pacha wake. Nao walikuwa na sheria ya kuwalinda mashoga, ya mwaka 1974. Mwaka 1978 wapigakura waliifuta kwa kura, na ikarudi mwaka 1990. Houston, Texas, nako baraza lilipitisha sheria ya usawa mwaka 2014, ikiwa na utambulisho wa jinsia ndani, na Novemba 2015 wakazi wakaikataa kwenye sanduku. Kampeni ya kuipinga ilizungumzia vyoo tu, vyoo, vyoo. Sheria yenyewe ilikuwa inahusu pia kazi, nyumba, umri, ulemavu na hata wanajeshi wastaafu. Vyote vikaenda na vyoo.

Basi nikauliza, je, Nairobi inaweza? Tunayo kaunti yenye bunge lake tangu 2013, na inatunga sheria za vibanda, maegesho na kelele. Komredi wa sheria, kabla hajanikimbia, alinieleza hivi: kipande ni cha serikali kuu, na sheria ya kazi ni ya taifa, kaunti haiwezi kuzigusa. Lakini kaunti ina kliniki zake. Ina nyumba zake za kupangisha. Inatoa leseni za biashara. Inaajiri maelfu ya watu. Hakuna kinachoizuia kusema kwamba katika vitu vyake yenyewe mtu asirudishwe mlangoni kwa sababu kadi na uso havifanani. Ingekuwa kamba fupi zaidi kwa kisima kile. Kama bunge la kaunti litathubutu, hilo ni jambo jingine. Mwanasiasa gani atasimama kwenye mkutano wa hadhara aseme hayo? Mimi sijamwona. Lakini kusema "haiwezekani" ni uongo.

Sasa mtauliza K. yuko wapi. K. ana nyumba. Mkataba una jina langu.

Ndiyo, mimi mwanafunzi, mkopo wa HELB unanisubiri, ndiye mpangaji wa bedsita ambayo silali. Keateka ananiita "madam" na anamwita K. "kaka wa madam". Stima ya tokeni inasoma jina langu. Tuliamua hivyo kwa sababu siku zilikuwa zimekwisha na K. alikuwa analala kwa rafiki sakafuni, watu wanne chumba kimoja. Sijutii. Ila nataka muone ni nini hasa K. amekosa hata baada ya kupata paa. Mwenye nyumba akiamua kumtoa, K. hawezi kwenda kwenye baraza la wapangaji aseme "mimi ni mpangaji". Akiibiwa, polisi watamuuliza yuko pale kama nani. Tukikosana mimi na yeye, naweza kumfukuza kesho, na sheria itakuwa upande wangu. Sipendi kuwa na nguvu hiyo juu ya mtu niliyechunga naye mbuzi. Nikimwambia hivyo anacheka, anasema "basi nisikukosee, madam". Lakini kicheko chake si kile cha zamani.

Ndiyo maana nilipomsikia jirani yetu akisema kwamba hawa watu wanataka "haki za kipekee", nilimuuliza: kuandika jina lako kwenye mkataba wa nyumba unayolipa ni haki ya kipekee? Alinyamaza. Halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia kutoka kwake: "Ile meseji bado anayo?"

Anayo. Na hapa ndipo tulipofika, sote wanne, kwa pamoja. Kampuni ya stima ilinyamaza, hatuna cha kuonyesha. Yule wa nyumba ya tatu aliandika. Wiki ijayo tunaenda na K. kwenye Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu kupeleka malalamiko, na ile meseji imeshachapishwa. Tukikwama huko, Katiba Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki yake ikivunjwa, na kinasema kufungua kesi ya namna hiyo kusitozwe ada. Wakili ndiye atakuwa shida, lakini komredi wa sheria amesema kitivo chao kina kliniki ya msaada wa kisheria, na ameacha kunikimbia. Rumeti wangu ameshasema atakuja. Nilimuuliza kama ana hakika. Akaniambia haendi kutetea anachokiamini K., anaenda kwa sababu siku moja wao kwao walinyimwa nyumba South C kwa ajili ya jina lao la ukoo, na anakumbuka mama yake alivyofunga mkoba wake kimya wakaondoka.

K. mwenyewe anataka kuanza na jina. Hilo linawezekana bila kesi: hati ya kubadili jina kupitia wakili, inasajiliwa, inatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, kisha unaomba kipande kipya. Haibadilishi lile neno la jinsia, lakini angalau soja akisoma jina hataliza. Amekuwa akiweka pesa, shilingi mia mbili mia tatu, kila akipata kazi ya kuunganisha stima mtaani. Jana amemaliza nyumba moja ya gorofa tatu. Mwenye hiyo nyumba hakuuliza kipande. Aliuliza tu kama taa za ngazi zitawaka, zikawaka.

Haya wadau, nimesema mengi. Kama unasoma sheria na nimepotosha mahali, nirekebishe, sina kiburi. Kama una ploti na una bedsita tupu, unajua pa kunipata. Na kama unadhani jambo hili halikuhusu, kesho ukitoa kipande chako langoni, kitazame kabla hujampa soja. Mimi kwa sasa naenda kuchota maji kwa jirani. Kesho saa mbili kuna mtihani wa ramani na sijafungua kitabu.